Kitambaa cha Jicho

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na kwamba dawa ya kuchua unaipaka gotini na si kwenye bawaba za mlango kama mwaka jana. Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha, kazi haijaisha.

Nakuandikia kwa sababu masikio yako na simu hayaelewani, na jambo hili sitaki ulisikie nusunusu. Wiki hii au ijayo mchungaji atapokea barua ya Tume ya Uchaguzi. Itakuwa na muhuri, na chini yake kutakuwa na saini yangu. Tangu Novemba mimi ndiye mkaguzi wa vituo vya kupigia kura katika mkoa wetu, kwa hiyo hakuna mwingine wa kuisaini.

Barua inahusu ukumbi wa kanisa. Kuna kanuni mpya, ya kumi na nne. Inasema ndani ya chumba cha kupigia kura pasiwepo picha wala maandishi yanayomwambia mpiga kura kwamba anatazamwa, au yanayomwelekeza la kufanya. Ukutani kwenu pana jicho lenye upana wa mita mbili, na chini yake maneno MUNGU ANAKUONA. Kibanda cha kupigia kura huwekwa konani, chini ya jicho hilo hilo. Hakuna anayekuambia ulifute. Lifunikwe kwa kitambaa kabla ya tarehe 10 Aprili, siku tunayothibitisha vituo, na libaki limefunikwa mpaka kura zipigwe tarehe 20.

Lisipofunikwa, kituo kitahamishiwa shule ya machimboni. Ilipo unapajua. Ni kilomita nane, na mbili za mwisho ni mlima. Kwenye daftari la ukumbi wenu kuna wapiga kura 212, na 130 kati yao wamepita miaka sitini. Nimewahesabu mwenyewe. Wakipelekwa kule wengi hawatafika, na wewe na goti lako mmo katika hesabu hiyo.

Uchaguzi uliopita tulipokea malalamiko kutoka kituo chenu. Mtu aliandika kwamba wakala wa chama kimoja alikuwa akiwaonyesha wazee lile jicho kwa kidole kabla hawajaingia kibandani. Jina la mlalamikaji siwezi kukutajia.

Wewe ndiye mtunza ukumbi na wewe ndiye uliyelichora. Mchungaji atafuata utakalosema. Naomba useme ndiyo.

Msalimie mama mkunga na wote wa benchi lenu la nyuma.

Ni mimi, binti yako.


15 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Dawa napaka gotini, na sasa mlango umeanza kulia tena, kwa hiyo mmoja wetu lazima ateseke.

Barua yenye muhuri ilifika Jumanne, isiyo na muhuri Jumatano. Hebu niambie, huko ofisini wanakufundisha kuandika vile au ulizaliwa navyo? "Mhusika anaelekezwa." Nilisoma mara tatu nikimtafuta mhusika, kumbe ni mimi.

Sasa nikujibu. Nimekuwa fundi wa mabango miaka arobaini. Nimeandika majina ya maduka, ya zahanati, na ya vyama vitatu vya siasa ambavyo vyote vimekufa na rangi yangu bado inang'aa. Lile jicho nililichora mwaka uliozaliwa. Sikujua jicho la Mungu likoje, nikaona nichukue la mtu asiyedanganyika. Mama yako alikaa juu ya ngazi siku mbili nikimtazama. Wewe ulikuwa tumboni. Ukampiga teke, akacheka, na ndiyo maana ukiangalia vizuri kope ya chini imepanda kidogo. Simama popote ukumbini, linakufuata. Kazi kama ile mtu hafanyi mara mbili.

Uchaguzi umefanyika chini yake mara sita. Halijajaza kura bandia wala halijakimbia na sanduku. Kama kuna wakala mpumbavu aliyenyoosha kidole, kamateni hicho kidole. Ukuta wangu umekosa nini?

Tena tuambiane ukweli. Hujaingia kanisani miaka tisa. Sikukuuliza sababu na sikuulizi leo. Ulikuwa mtu mzima ulipoacha, na ulitoka kwa mlango wa mbele. Lakini mtu aliyetoka mwenyewe akirudi na barua ya kufunika ukuta, lazima watu waongee. Mchungaji aliisoma barua yako ibadani. Alipofika kwenye saini, benchi zote ziligeuka kunitazama. Niliona kweli kutazamwa si raha, lakini hilo usiliweke kwenye faili.

Jibu langu ni hapana.

Kula vizuri. Kikohozi chako hakipendi tumbo tupu.

Mimi baba yako.


27 Februari

Baba,

Shikamoo. Mwili u salama. Nitakuwa mfupi.

Jana gazeti lilibeba kichwa cha habari ukurasa wa kwanza: SERIKALI YAMFUMBA MUNGU MACHO. Maneno ni ya mgombea ubunge wenu, yule mnayemwita Kipaza kwa sababu haongei bila kipaza sauti hata akiwa sebuleni. Amesema mkaguzi ni mtu asiye na dini, na kwamba hata baba yake mzazi amemkatalia. Hilo la pili ni kweli, na nilidhani linajulikana na watu wawili.

Mkurugenzi wangu aliniita asubuhi.

"Mtunza ukumbi ni baba yako?"

"Ndiyo."

"Atafunika?"

"Amesema hapana."

"Na wewe una dini gani?"

Nikamwambia fomu ya ajira haina swali hilo.

"Fomu haina," akasema, "ila mtaa unalo."

Sikuomba kuondolewa kwenye kazi hii, naye hakuniondoa. Mlangoni kwangu mtu amebandika karatasi yenye jicho lililochorwa kwa kalamu. Mchoraji hana kipaji. Ungemcheka.

Nataka unielewe vizuri, kisha uendelee kukataa ukitaka. Mimi sisali, na sitajifanya nasali ili Kipaza anyamaze. Lakini sikutumwa kumwondoa Mungu ukutani, na sina uwezo huo. Nipo kumnyang'anya mtu fimbo aliyoiokota kanisani. Mwenye imani anatazamwa na Mungu wake popote aendapo, kibandani, sokoni na bafuni, na sheria haina la kusema hapo. Sheria inaanza pale mtu mwingine anapomshika bega na kumwambia, "Unaona? Anakutazama. Na mimi namsaidia kutazama."

Swali langu ni moja. Ulimwambia Kipaza alitumie jina langu?

Binti yako.


8 Machi

Binti yangu mpenzi,

Nimepokea salamu zako ingawa ulizibana. Hapa ni wazima, isipokuwa jogoo wa mchungaji, ambaye alikuwa mzima mpaka wageni walipofika.

Sikumwambia. Hapana yangu niliisema mbele ya benchi zote, nayo ikatembea. Kisha yeye alikuja mwenyewe, na nitakueleza kama nilivyoona, bila kuongeza.

Jumapili iliyopita alifika na watu saba na magari mawili. Mchungaji alimpa dakika tatu za kusalimia, kama mgeni mwingine yeyote. Alikataa kusimama pale wageni wanaposimama. Akaenda moja kwa moja konani, chini ya jicho, akanyoosha mkono juu. Alisema, "Hili mnaloambiwa mlifunike, siku ya kura litakuwa hapa hapa. Na litaona nani kampigia nani."

Mama mkunga akainuka. Unamjua anavyoinuka, kwanza fimbo, halafu pumzi, halafu mwenyewe. Akasema, "Kijana, mimi ndiye niliyekupokea duniani. Mungu alikuona siku ile uko uchi, na hukumtisha mtu yeyote. Shusha mkono."

Watu walicheka mpaka mzee wa zaka akadondosha miwani. Kipaza naye akacheka, maana ni mwanasiasa, lakini mkono aliushusha.

Baada ya ibada mkunga alikaa nami kwenye ngazi za nje. Akaniambia, "Yale malalamiko niliandika mimi."

Nikamuuliza, "Tumekaa benchi moja miaka thelathini. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungechukia, halafu ungenichorea na sikio ukutani."

Kisha akanieleza. Uchaguzi uliopita wakala wa Kipaza alisimama mlangoni akiwaambia wazee mmoja mmoja, kwa upole kabisa, "Bibi, kumbuka Anakuona." Mkunga aliingia akiwa ameamua, akatoka amempigia mtu asiyemtaka. Aliniambia, "Nimezalisha watoto mia tisa na zaidi. Vyumba vyenye damu, vyumba vyenye giza, sijawahi kuogopa chumba. Kile nilikiogopa."

Nami siku ile nilikuwa pale pale, nimekaa kwenye kiti changu karibu na dirisha, nikiangalia watu wasikanyage rangi ya ukingo wa sakafu. Niliona kila kitu isipokuwa hicho.

Kwa hiyo nimegeuka nusu. Nusu nyingine ni hii. Alhamisi nilipanda lori la kokoto nikaenda kuiona hiyo shule ya machimboni mnakotaka kutuhamishia. Mwalimu mkuu alinifungulia darasa linalotumika siku ya kura. Kona ya kibanda iko ubaoni, na juu ya ubao imetundikwa picha ya mkuu wa nchi, yenye kioo. Nimeipima: sentimita sitini kwa arobaini na tano. Naye si ndiye anayegombea tena? Ana macho mawili. La kwangu ni moja tu. Na yale ya kwake nimeyajaribu, yanafuata mtu vilevile. Fundi aliyepiga ile picha anajua kazi.

Kanuni yako inasema "picha wala maandishi". Haikusema ya Mungu. Basi ukifunika cha kwangu, funika na cha kwao. Wao wakianza, nami nitafuata.

Nasubiri jibu.

Baba yako.


29 Machi

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Wiki tatu zimepita na sanduku la posta halina kitu ila tangazo la duka la magodoro.

Najua hujakasirika. Ulipokuwa mdogo ukikasirika ulikuwa unagonga sufuria. Ukikaa kimya ulikuwa unahesabu. Kwa hiyo nadhani unahesabu.

Ukweli ni kwamba kitambaa kimeshashonwa. Mke wa mchungaji ameunganisha mashuka manne meupe, na mimi nimetia vipete vya pazia juu. Kipo kabatini, kimekunjwa. Kipaza ametuma ujumbe kwamba tukisimama imara ataleta watu wa kulinda ukuta usiku na mchana. Mchungaji amejibu kwamba ukuta haujaomba.

Siku kumi na mbili zimebaki. Watu wananiuliza watapiga kura wapi. Nawaambia waulize mkoani, kisha nakumbuka mkoani ni wewe.

Goti si baya.

Baba yako.


4 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo tena na tena, kwa wiki zote nilizonyamaza. Sijaugua. Ulibahatisha vizuri, nilikuwa nahesabu.

Barua yako ilinikalisha chini. Nilikuwa nimekagua makanisa, misikiti na kumbi za ibada, nikaandika barua arobaini na moja. Darasani niliingia, nikatazama madirisha, kufuli na mwanga, na ile picha sikuiona. Sikuipuuza kwa makusudi. Ipo kila mahali tangu nizaliwe, jicho langu linaipita kama linavyopita swichi ya taa. Ilibidi fundi wa mabango apande lori la kokoto ndiyo mkaguzi aelezwe ukutani kuna nini.

Nikarudi kwenye fomu na simu. Mkoa una vituo 386. Vyenye alama za dini ni 41. Vyenye picha ya mkuu wa nchi ndani ya chumba cha kura ni 297.

Nilimpelekea mkurugenzi rasimu ya waraka mmoja: kote kufunikwe, kwa kipimo kimoja. Alisoma amesimama.

"Ile si siasa," akasema. "Ile ni samani."

"Samani inayogombea?"

"Usiniingize kwenye maneno yako."

Mwanasheria wa Tume, ambaye haongei mpaka aulizwe, akaulizwa. Akasema kanuni haibagui picha, na kwamba waraka wa vituo husainiwa na mkaguzi, si mkurugenzi. Akarudi kula mahindi yake. Ijumaa saa tisa alasiri nilisaini, nikatuma kwa wasimamizi wote wa vituo. Madarasa yanatumika kwa masomo, kwa hiyo nimeagiza picha zifunikwe jioni ya tarehe 19.

Jumatatu nikahamishwa. Sasa mimi ni mtunza bohari. Nina masanduku elfu moja na mia mbili, mifuko ya lakiri, taa za betri, na paka mmoja ambaye hayumo kwenye orodha ya mali. Waraka haujafutwa. Ili ufutwe lazima mtu aandike sababu na aweke saini, na mpaka leo hakuna aliyekubali kuandika hiyo sababu.

Watu wa Kipaza wananiita adui wa Mungu. Sasa watu wa chama tawala wameanza kuniita adui wa nchi. Nikitukanwa na pande zote mbili kwa maneno yanayofanana, naona mstari wangu umenyooka.

Hili ndilo gumu. Ulisema wao waanze. Hawawezi kuanza. Zamu yako inaisha tarehe 10, yao ni tarehe 19. Na mimi sina tena mamlaka ya kuhakikisha kwamba mwalimu mkuu hata mmoja atathubutu. Inawezekana ukafunika wewe, na wao wasifunike. Sitakuahidi nisichoweza. Lakini jioni ya tarehe 10 msaidizi wa Tume atapita na fomu, na akikuta jicho liko wazi, mama mkunga atatakiwa kupanda ule mlima.

Amua unavyoona. Nitakusalimia kwa heshima ile ile.

Binti yako, sasa wa bohari.


11 Aprili

Mtunza bohari wangu,

Marahaba. Hongera kwa paka.

Nilikaa na barua yako siku moja nzima. Mchungaji aliuliza nimeamuaje, nikasema nasubiri wao waanze, nilishatoa neno langu. Mkunga alikuwepo akimenya viazi. Hakuinua hata kichwa. "Na wewe na Kipaza mna tofauti gani?" akaniuliza. "Wote mmeshikilia lile jicho mpaka mpewe kitu."

Nilitoka nje nikazunguka ukumbi mara mbili. Sikupata tofauti niliyoweza kurudi nayo ndani.

Tarehe 9 saa nne asubuhi nilipanda ngazi. Mkunga alishika ngazi upande mmoja, mchungaji upande mwingine, akiomba kwa sauti ndogo, nadhani aliombea ngazi. Nilitundika kitambaa kwa vipete kumi na sita. Nimekaa miaka arobaini na brashi, na mbele yangu palikuwa na kitambaa cheupe cha mita mbili na nusu. Unajua mkono wangu ulitaka nini. Nimekiacha hivyo hivyo cheupe.

Adhuhuri watu wawili wa Kipaza walikuja. Mmoja akasema nimemwaibisha Mungu. Nikamwambia, "Aliye ukutani nimemchora mimi, na rangi niliikoroga mimi kwenye ndoo ya kufulia. Mungu hakuwahi kukaa pale. Kama ungekuwa unasali ungejua." Mwenzake akamvuta mkono wakaondoka.

Benchi mbili hazikuja ibadani jioni. Wengine walikuja na kukaa wakitazama kitambaa, na mahubiri hayakuwa mabaya kuliko siku nyingine.

Msaidizi wako alipita jana na fomu. Kituo kimethibitishwa. Kuhusu machimboni sijui, nawe hujui. Basi tutakuwa wawili wasiojua.

Baba yako.


21 Aprili

Binti yangu,

Habari za bohari? Sisi tumeamka na miguu mizito, lakini ni uzito wa kusimama, si wa ugonjwa.

Jana ilikuwa hivi. Mlango ulifunguliwa saa moja kamili. Foleni ilifika kwenye bomba la maji. Wakala wa Kipaza alisimama pale pale pa zamani, akainua kidole, akakuta kitambaa, akarudisha kidole mfukoni. Hakujua akifanyie nini siku nzima.

Mkunga aliingia wa kwanza. Alikaa kibandani muda mrefu mpaka msimamizi akakohoa. Akajibu kutoka ndani, "Haraka ya nini? Hili si jambo la kusukumwa." Alipotoka sikumuuliza kampigia nani. Alinunua karanga akala zote peke yake.

Mimi niliingia saa tatu. Nilisimama mbele ya karatasi, nikainua macho kwa mazoea, nikaona shuka. Najua kilicho nyuma yake kuliko mtu yeyote aliye hai. Lakini nikwambie, kwa mara ya kwanza nilikuwa peke yangu mle ndani. Nilipiga kura kama mtu mzima.

Walijitokeza 198 kati ya 212. Wanne wamefariki, na kumi ni wale wa benchi mbili. Matokeo yamebandikwa mlangoni. Uchaguzi uliopita Kipaza alipata 140 hapa kwetu. Safari hii 61. Jimbo zima amelichukua yeye, kwa hiyo ni mbunge wetu kwa miaka mitano na tutamsikia vizuri. Lakini wale 61 wamempa wenyewe, hakuna aliyewaonyesha kidole. Hata yeye ingefaa ashukuru.

Mchungaji ameniuliza kama unaweza kurudi kanisani siku moja. Nimemwambia umekuwa humu tangu Februari, na wengine bado hawajapumzika.

Kule machimboni walifanyaje?

Baba yako.


2 Mei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimekaa juu ya sanduku la kura, na paka akiwa juu ya barua. Tuko wazima wote.

Sasa nikueleze kilichotokea, kwa mpangilio.

Fomu namba saba inasema hivi: "Vifaa vyote vilivyotumika ndani ya chumba cha kupigia kura virudishwe bohari." Aliyeiandika alikuwa anafikiria kalamu, wino na taa. Lakini wasimamizi wa vituo ni watu wa kusoma fomu kama ilivyo. Tarehe 22 malori yakaanza kufika, na pamoja na masanduku vikaja vitambaa. Kila kimoja kimefungwa, kimetiwa lakiri, na kimeandikwa namba ya kituo.

Mashuka. Vitenge. Vitambaa vya meza vya wake wa walimu. Ramani ya dunia iliyotundikwa kinyumenyume. Ratiba za mitihani zilizounganishwa kwa gundi. Na kutoka shule ya machimboni, ndani ya mfuko wake, koti moja la kijivu la mwanamume, limepungukiwa kifungo cha chini. Mwalimu mkuu hakupata kitambaa jioni ya tarehe 19, akavua koti lake akalitundika juu ya picha. Msimamizi akalihesabu kama kifaa. Baba, alishinda siku nzima na shati tu, kule mlimani kwenye upepo.

Nimehesabu mara mbili. Vituo 211 kati ya 297 vilifunika picha. Hakuna ofisi nyingine nchini iliyo na hesabu hii, kwa sababu hakuna ofisi nyingine iliyoletewa vitambaa.

Mkurugenzi alishuka hapa Jumanne. Alilitazama rundo.

"Hivi vyote?"

"Mia mbili na kumi na moja, bila vya nyumba za ibada."

"Na umeviandika wapi?"

"Kwenye rejista ya bohari."

Anajua kwamba rejista ya bohari ni kiambatisho cha tatu cha ripoti ya uchaguzi, na ripoti haichapwi bila viambatisho vyake vyote. Alinileta hapa ili nisionekane. Akaniuliza paka ni wa nani, nikamwambia bado namtafutia safu kwenye rejista. Alicheka. Si mtu mbaya, ila amezoea kufuata maelekezo ya kutoka juu. Alipofika mlangoni alisema, bila kugeuka, "Hesabu isiwe na makosa."

Haina, ila pengo moja. Kwa nyumba za ibada nilitarajia vitambaa 41. Nimepokea 40. Kilichokosekana ni cha kituo chenu. Fomu inanitaka niandike sababu. Sitaki kuibuni, kwa hiyo nauliza kwa njia ya kawaida: kitambaa kiko wapi?

Mimi binti yako.


10 Mei

Binti yangu,

Marahaba, na mkune paka mgongoni mara moja kwa niaba yangu.

Koti la mwalimu mkuu mrudishie haraka. Kule machimboni Mei haina mchezo, na mtu aliyefunika macho mawili kwa koti moja hastahili kikohozi. Mshonee na kifungo. Kama fomu haina nafasi ya kifungo, shona kimyakimya.

Kitambaa hakikuletwa kwa sababu nilimkatalia msimamizi. Jumapili baada ya kura nilikishusha mwenyewe kabla watu hawajafika. Kulikuwa na vumbi kwenye kope, nikafuta kwa maji ya uvuguvugu. Jicho la mama yako limerudi kazini. Mkunga aliingia, akalitazama kwa muda, akasema halimsumbui, na akakaa kwenye benchi letu kama siku zote.

Kitambaa kimefuliwa, kimekunjwa, kiko kabati la chini kushoto, pamoja na vipete kumi na sita kwenye kopo la rangi. Nimemwonyesha mchungaji na mke wake, ili miaka mitano ijayo, goti langu likigoma au mimi mwenyewe nikigoma, wasianze kutafuta.

Unataka sababu ya rejista. Andika hivi, kwa mwandiko mzuri: kimebaki kituoni, kwa kuwa kituo bado kipo.

Baba yako.